Mwambieni Bibi

Kwenye kipindi cha wiki iliyopita nilisema kitu kwa haraka, halafu tukahamia mada nyingine. Nilisema kwamba kwa miezi mitatu nilimdanganya mama yangu kuhusu ugonjwa wa mwanangu. Tangu siku ile nimekuwa najiuliza kwa nini nilikimbia, maana lile jambo nusura litugharimu mtoto. Kwa hiyo leo nalieleza vizuri, kwa kuandika, ambako siwezi kubadilisha mada.

Mwanangu alizaliwa na ugonjwa wa moyo. Sasa ana miaka minne. Anakimbia, anabisha, mchicha hautaki. Ukimwona na fulana yake huwezi kujua chochote. Akivua utaona mstari kuanzia chini ya koo mpaka katikati ya kifua, na yeye mwenyewe atakwambia kwamba ni zipu yake.

Niseme msimamo wangu mapema ili anayetaka kubishana aanze kujiandaa. Kama nyumbani kwako kuna mzee anayembeba mtoto mgonjwa, mwambie ukweli wote wa ugonjwa huo, kwa lugha anayoielewa, siku ile ile unayoambiwa wewe. Usingojee wakati mzuri. Mimi niliungojea, na ulipofika ulinikuta kwenye treni nikipiga kelele kwenye simu.

Tulivyojua

Hapa Uingereza mtoto hukaguliwa ndani ya saa 72 baada ya kuzaliwa, halafu tena akiwa na wiki 6 mpaka 8. Mara ya kwanza hawakusikia kitu. Mara ya pili daktari aliweka kipimo kifuani, akasikiliza, akakihamisha, akasikiliza tena, akanyamaza. Wazazi wenzangu mliopitia haya mnakijua kimya kile. Akasema kuna mlio kwenye moyo, huenda si kitu, lakini angependa tuonwe na bingwa. Siku chache baadaye mtoto alifanyiwa eko, yaani ultrasaundi ya moyo, na jioni ile tukarudi nyumbani na jina jipya mdomoni: Tetralojia ya Fallot.

Watoto wanaozaliwa na kasoro ya moyo ni karibu 1 katika kila 100. Kasoro nyingi ni ndogo, na nyingine hujifunga zenyewe. Ya kwetu haikuwa ya kujifunga. Fallot alikuwa daktari wa Kifaransa aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1888, na neno tetra linamaanisha nne, kwa sababu ni kasoro nne zinazokuja pamoja. Tuliambiwa atahitaji kupasuliwa kabla hajatimiza mwaka mmoja, na kwamba kabla ya hapo anaweza kupata vipindi vya ghafla ambapo oksijeni inashuka mwilini. Tukapewa kijitabu. Tukafundishwa la kufanya.

Kwenye gari mume wangu akauliza, "Mama tutamwambia nini?"

Mama anaishi na sisi tangu Baba afariki. Alikuja nchi hii kutoka Unguja akiwa msichana mwenye mtoto mmoja tumboni, ambaye ndiye mimi, na kwa miaka mingi alisafisha maofisi usiku. Kiingereza chake ni cha dukani na cha basi. Kinamtosha. Mambo ya barua, benki na hospitali nimekuwa nikimfanyia mimi tangu nina miaka tisa, kama wengi wenu mnavyowafanyia wa kwenu.

Nikamjibu mume wangu, "Tumwambie ana mafua ya kifua."

Na ndo tulivyomwambia.

Kwa nini tulificha

Sababu za kuficha zilikuwepo, na sizidharau hata leo.

Ya kwanza ni presha. Mama anameza vidonge vya presha asubuhi na jioni, na nilijiambia kwamba habari hii ingemlaza. Ya pili ni jicho. Kwetu mtoto mchanga hasemwi sana, hapigwi picha ovyo, wala udhaifu wake hautangazwi. Mimi nina shahada ya uhasibu na bado nikimsifia mtoto wa mtu nasema mashallah kwa sauti ili nisikike. Ya tatu ni maneno ya watu. "Ukoo ule wana ugonjwa wa moyo." Neno kama hilo likishatoka kwenye arusi moja, litakutana na wadogo zangu siku ya posa.

Lakini kulikuwa na sababu ya nne ambayo sikuwa tayari kuikiri. Sikuwa na maneno. Kiswahili changu ni cha jikoni, cha salamu na cha kugombana na wadogo zangu. Moyo kwangu mimi ulikuwa ni wa moyo mzito, moyo safi, kupiga moyo konde. Sikujua vali ya moyo inaitwaje. Sikujua kama niseme tundu au shimo au kitobo. Kila nilipojaribu kupanga sentensi kichwani nilifika katikati nikakwama, na mtu aliyekwama anaona bora aseme mafua. Neno mafua nalijua.

Kwa hiyo sehemu ya kile nilichokiita huruma kwa mama yangu ilikuwa ni aibu ya lugha yangu. Naandika hivi kwa ajili ya wale wenye Kiswahili kama changu. Wengi wetu tunawaficha wazee mambo mazito tukidhani tunawalinda, na kumbe tunakwepa sentensi ngumu.

Kibaya zaidi, hatukuhitaji hata kunong'ona. Tuliongea kuhusu upasuaji mezani, kwa Kiingereza, Mama akiwa amekaa pale pale anamega mkate. Wazazi wetu walikuwa wakitaka tusielewe walikuwa wakiongea kwa mafumbo. Sisi tukiwa hatutaki waelewe tunahamia lugha nyingine na kuwaacha na sahani zao.

Siku yenyewe

Mtoto alikuwa na miezi mitano. Nilikuwa bado kwenye likizo ya uzazi, lakini siku ile nilikwenda ofisini kwa saa mbili kuzungumza kuhusu kurudi kazini. Mume wangu alikuwa zamu. Mtoto alibaki na bibi yake, kama alivyozoea kubaki naye asubuhi nyingi ili mimi nipate usingizi baada ya kukesha.

Nikiwa kwenye treni ya kurudi nikakuta Mama amenipigia mara tatu. Nikampigia.

Sauti yake sijawahi kuisikia vile. "Mwanangu, mtoto ana degedege. Nimemlaza, namsomea, hazindukani vizuri."

Kwa asiyejua, degedege ni neno letu la mtoto mdogo kukakamaa au kupoteza fahamu ghafla, hasa akiwa na homa. Wazee wengine hulihusisha na shetani. Mama aliona mtoto aliyelia sana, akaanza kupumua mbio, halafu akalegea, na akatafuta kwenye hazina yake ya ujuzi jina linalofanana na hali ile. Alilolipata ni hilo. Angepata lingine wapi? Sisi tulimwambia mafua.

Nikasimama katikati ya behewa. "Mama, usimlaze hivyo. Mkunje magoti, yasukume mpaka yaguse kifua chake. Mshike hivyo hivyo. Usimwachie." Abiria wote wananitazama. Mama hakuuliza kwa nini. Nikamsikia anasema, "Haya, nimemkunja, nimemkunja." Nikakata, nikapiga 999, nikatoa anwani, nikampigia tena Mama. Ikapita kama dakika moja ambayo siwezi kuielezea. Halafu nikasikia mtoto analia. Kile kilio ndicho sauti tamu kuliko zote nilizowahi kusikia.

Ambulansi ilifika kabla yangu. Jirani wa mlango wa pili ndiye aliyewafungulia na kumsaidia Mama kujibu maswali.

Hospitalini, mtoto akiwa amelala na oksijeni puani, Mama alinikalisha. Hakupaza sauti. Aliniuliza, "Ni kifua kweli?" Nikasema hapana. Nikamwambia kwa Kiswahili changu kibovu kwamba moyo wake una tundu, na njia ya damu ni nyembamba, na atapasuliwa. Akanyamaza kidogo, halafu akasema maneno ambayo nitayabeba mpaka kaburini.

"Tangu Jumatatu kila akilia asubuhi naona ulimi wake kama kala zambarau. Nikadhani ni ile dawa mnayompa."

Siku nne. Mama aliiona dalili siku nne kabla yetu.

Zambarau na bluu

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu jambo hili linawahusu wote wenye watoto weusi, hata wasio na ugonjwa wa moyo.

Kijitabu chetu kilisema tuangalie kama mtoto anakuwa wa bluu. Mimi na mume wangu tulimwangalia usoni kila saa tukitafuta bluu. Mtoto mwenye ngozi nyeusi hageuki bluu kama yule wa kwenye picha. Anaweza kuonekana wa kijivu, amefifia, kama amepakwa majivu. Rangi yenyewe inaonekana vizuri zaidi kwenye ulimi, kwenye fizi, ndani ya midomo na chini ya kucha. Hata kile kibanio kinachobanwa kidoleni au mguuni kupima oksijeni, utafiti umeonyesha kwamba kwa watu wenye ngozi nyeusi kinaweza kusoma namba ya juu kuliko hali halisi.

Mama hajawahi kusoma kijitabu hicho. Aliangalia mdomoni kwa sababu alilea wadogo zake wanne na watoto wa majirani, na mtoto akilia yeye hutazama mdomo kwanza. Akaona rangi, akaipa jina linalomwelea mtu yeyote aliyewahi kula zambarau akarudi nyumbani na ulimi uliojaa ushahidi. Angeniambia Jumatatu ile, "Ulimi wake una zambarau," ningeruka. Hakuniambia kwa sababu hakujua kwamba ni habari.

Huko ndiko uwongo wetu ulikotufikisha. Tulikuwa na mtu mwenye macho mazuri kuliko yetu, anakaa na mtoto saa zile ambazo hali yake ilikuwa mbaya zaidi, na tukahakikisha kwamba hajui anachokiangalia.

Swali nililojibu bila kuuliza

Kuna jambo la pili lililotoka siku zile, na hili lilinitikisa zaidi.

Baada ya lile tukio, upasuaji uliletwa mbele. Safari hii niliomba mkalimani kwa ajili ya Mama. Hapa Uingereza hospitali za umma hutoa mkalimani bila malipo ukiomba, na si vizuri jamaa kutumika badala yake. Sikuwahi kuomba maisha yangu yote, kwa sababu mkalimani nilikuwa mimi. Kwenye hospitali moja nilipokuwa mdogo walifurahi sana kuniona, mtoto wa miaka kumi na moja, namtafsiria mama yangu matokeo ya vipimo vyake. Hakuna aliyeona ajabu.

Mkalimani alikuja kwa simu, mwanamke mwenye Kiswahili cha bara. Akamwamkia Mama shikamoo kwanza, na Mama akakaa sawa kwenye kiti. Kisha daktari akauliza maswali yale yale tuliyoulizwa mwanzo, likiwemo hili: kuna mtu kwenye familia aliyezaliwa na ugonjwa wa moyo, au mtoto aliyefariki akiwa mdogo?

Swali hilo mimi nilishalijibu miezi mitatu nyuma. Nilisema hapana. Sikumuuliza mtu.

Mama akasema, "Yupo. Mwanangu wa kwanza."

Sikuwahi kujua kwamba mimi ni mtoto wa pili. Alizaliwa Unguja, mvulana, akaishi miezi saba. Akilia anabadilika rangi, akinyonya anachoka, anatoka jasho kichwani. Waliambiwa ni degedege. Walipeleka kwa mganga, walipeleka hospitali, akafariki usiku. Mama alinyamaza miaka thelathini na tano kwa sababu aliambiwa asiseme, na kwa sababu alikuja nchi ya ugeni akiwa na mimba yangu na hakutaka kuileta habari ile kwangu.

Hakuna atakayejua kama kaka yangu alikuwa na ugonjwa ule ule. Daktari alisema hivyo wazi. Alieleza pia kwamba mara nyingi sababu haijulikani, na kwamba hakuna alichokula wala alichokifanya mama yeyote kati yetu kilichosababisha. Lakini magonjwa haya yakiwepo kwenye familia uwezekano huongezeka kiasi, kwa hiyo ni jambo la kuandikwa. Tukaandika. Mdogo wangu alipopata mimba mwaka uliofuata alimweleza mkunga wake, na moyo wa mtoto ukaangaliwa kwa makini zaidi akiwa bado tumboni. Yuko salama.

Mimi nilimficha Mama ili nisimuumize. Mama alinificha mimi ili asiniumize. Wote wawili tulikuwa na nia njema, na katikati yetu kulikuwa na mtoto.

Nyumba ya vyumba vinne

Baada ya hapo nilikaa na Mama na karatasi. Nilimchorea moyo kama nyumba, na nawapa mchoro huo kwa maneno kwa sababu mtauhitaji.

Nyumba ina vyumba vinne, viwili juu, viwili chini. Chumba cha chini cha kulia kinasukuma damu iende mapafuni kuchukua hewa. Cha kushoto kinasukuma damu yenye hewa iende mwilini. Kwenye nyumba ya mwanangu fundi alikosea mara nne. Ukuta kati ya vyumba viwili vya chini una tundu. Njia ya kwenda mapafuni ni nyembamba. Mshipa mkuu wa kwenda mwilini umekaa juu ya lile tundu, kwa hiyo unachota damu ya pande zote mbili. Na ukuta wa chumba cha kulia umekuwa mnene kwa kusukuma kwa nguvu kila siku. Mtoto akilia sana ile njia nyembamba hubana zaidi, na damu isiyo na hewa inapita tunduni kwenda mwilini. Ukimkunja magoti kifuani, mishipa ya miguuni inabanwa, damu inaona njia ya mwilini ni ngumu, inalazimika kurudi kwenye njia ya mapafu.

Mama akatazama karatasi muda mrefu. "Kumbe ni mambo ya fundi bomba," akasema. Kisha akaniomba nimwandikie kwa herufi kubwa: ulimi wa zambarau, kupumua mbio, kulegea, mkunje magoti, mtulize, piga 999, sema jina la ugonjwa. Akabandika kwenye friji. Jina la ugonjwa alilifanyia mazoezi jikoni siku mbili, "Falo, Falo," huku anakuna nazi.

Presha yake? Ilipanda siku ya ambulansi, siku ambayo hakujua kitu. Siku ya upasuaji, alipokuwa anajua kila kitu, alikaa nasi saa sita kwenye chumba cha kusubiri na uradi wake, na ndiye aliyetulazimisha sisi tule.

Kabla ya mwaka 1944 hapakuwa na upasuaji wa kuwasaidia watoto hawa. Tarehe 29 Novemba mwaka huo, huko Baltimore, Marekani, daktari wa watoto Helen Taussig na daktari mpasuaji Alfred Blalock walijaribu kwa mara ya kwanza njia ya kuongeza damu mapafuni. Nyuma ya Blalock, juu ya kigoda, alisimama Vivien Thomas akimwelekeza. Thomas alikuwa msaidizi wa maabara, mtu mweusi ambaye hakuwahi kusoma chuo cha udaktari, na ndiye aliyekuwa ameufanya upasuaji ule mara nyingi kwenye majaribio na wanyama. Jina lake halikutajwa kwa miaka mingi. Niliposoma habari zake nilimfikiria Mama. Mara nyingine anayejua yuko nyuma ya chumba, na kazi yetu ni kumsogeza mbele.

Kwa wale mtakaobisha

Najua mtaniuliza kuhusu jicho. Mimi sikutangaza. Mpaka leo sijaweka picha ya kovu la mwanangu mtandaoni, na sitaweka. Atakapokua ataamua mwenyewe. Wazee wetu wana neno sitara. Kusitiri ni kumfunika mtu asidhalilike mbele ya wasiohusika. Anayembadilisha mtoto nepi, anayempa maziwa saa kumi na moja alfajiri, huyo anahusika. Ukimnyima habari hujamsitiri mtoto.

Mtasema wazee wengine watakimbilia kwa mganga. Wengine watakwenda, na wengine watataka kumsomea mtoto, kitu ambacho mimi nilikuwa na furaha kukipokea. Lakini mzee usiyemwambia kitu atakimbilia huko huko, tena bila kukuambia, kwa sababu umemwachia maelezo aliyonayo tu. Mzee aliyeelezwa anaweza kusoma dua na kukunja magoti kwa wakati mmoja. Mama anafanya hivyo.

Mtasema na nyinyi Kiswahili chenu hakitoshi. Changu hakikutosha pia. Ombeni mkalimani. Choreni. Mpigieni binamu aliyeko nyumbani. Mimi binamu yangu wa Dar es Salaam ndiye aliyenipa maneno vali, mshipa mkuu na upasuaji wa kufungua kifua, kwa sababu rafiki yake alipeleka mtoto Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ambayo imekuwa ikipasua mioyo ya watoto tangu ianze mwaka 2015. Maneno yapo, watu wanayatumia kila siku wodini. Ni sisi tuliokuwa hatujayauliza.

Na jambo hili haliishi siku ya kushonwa. Watu huniuliza, "Si keshapona?" Ametengenezwa, na kutengenezwa kunahitaji kuangaliwa. Atakwenda kliniki ya moyo maisha yake yote, na huenda akihitaji vali mpya ukubwani. Meno yake lazima yatunzwe sana, kwa sababu vijidudu vya mdomoni vinaweza kuingia kwenye damu na kushambulia moyo. Unadhani nani anasimamia hilo? Ni yule yule aliyekuwa akimpenyezea halua na visheti nyuma ya mgongo wangu. Nilipomweleza kwa nini, aliacha siku hiyo hiyo. Sasa anampigisha mswaki huku anamwimbia, na mtoto ananiambia mimi kwa Kiswahili safi kuliko changu, "Mama, fizi zangu hazina zambarau."

Kwa hiyo ukimaliza kusoma hapa, kama kuna jambo la afya la mtoto wako ambalo bibi yake halijui, mpigie leo. Kama yuko chumba cha pili, nenda. Mwamkie, kaa chini, anza na neno lolote ulilonalo. Ukikwama, mwambie umekwama. Wakati huo huo muulize yeye anajua nini, halafu umwache aseme mpaka amalize.